Mama Mwenye Nyumba na Vita vya Ijumaa

Nilikuwa na wiki moja tu katika nyumba yake pale Kibaoni, Ifakara, nilipomsikia akipiga kelele sebuleni: "Nyuma yako! Inama, mwanangu, inama!"

Ilikuwa Ijumaa, jua la alasiri bado kali, nami nilikuwa uani nafua. Nikaacha nguo kwenye beseni, nikanyakua kitu cha kwanza nilichokiona, mwiko wa mpangaji mwenzangu, nikaingia mbio. Nilidhani kaingia mwizi. Nikamkuta mama mwenye nyumba amekaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, mgongo kauegemeza kwenye kochi, hedifoni kubwa kaivaa juu ya ushungi. Mikononi alishika padi, ile ya kuchezea gemu kwa mikono miwili. Mbele yake, kwenye televisheni, bunduki ndefu ilikuwa inatema moto kuelekea kundi la madude yenye miguu sita, na madude yalikuwa yanaanguka moja baada ya jingine.

Hakugeuka. "Kandambili," alisema. "Vua nje."

Nikarudi kuvua. Niliposimama tena mlangoni, peku, mwiko bado mkononi, uwanja wote kwenye televisheni ulikuwa kimya, moshi unapanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na huo mwiko, ulikuwa unakuja kumpikia nani?"

Nilikaa kwake miaka minane. Nilikuwa fundi umeme kwenye mashine ya kukoboa mpunga, msichana niliyetoka Kisawasawa na sanduku moja na mkoba wa bisibisi, na katika miaka hiyo minane sikuwahi kumwita kwa jina. Hakuna mpangaji aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Mwenye Nyumba, na mjini, karibu na stendi, alikuwa yule mama wa duka la vitenge. Watu walionunua kwake walimjua kwa ukali wa bei na upole wa salamu. Asingekuuzia kitambaa kabla hujamwambia nyumbani hawajambo. Kwamba mama huyo huyo, mwenye umri wa kuitwa bibi, alikuwa kila Ijumaa akifunga duka mapema, akiswali alasiri, kisha akienda vitani sayari za mbali, hilo walilijua wachache. Sisi wapangaji tulilijua, na tulilinda siri hiyo kama yetu, mpaka ilipoacha kuwa siri na tukaanza kujivunia hadharani.

Gemu lenyewe nilieleze, maana si kila mtu amecheza. Limetokana na filamu za hadithi za kisayansi, filamu nyingi mpaka vijana wa banda la gemu wanabishana ipi ilitangulia. Ndani yake wanadamu wamehama dunia, wamekwenda kujenga miji kwenye nyota nyingine, na huko chini ya ardhi kuna viumbe. Wewe ni askari. Humwoni askari huyo, unaona kwa macho yake tu: mikono yake mbele yako, bunduki yake, njia iliyo mbele. Ukigeuza kidole gumba cha kushoto anatembea, cha kulia anaangalia huku na huku. Unaweza kucheza peke yako, au mkaingia wawili, mmoja Ifakara na mwingine popote penye mtandao, mkapigana bega kwa bega na kusikia sauti zenu.

Hapo kwenye wawili ndipo mama aliponasa.

Mwanawe wa mwisho alikuwa amekwenda Muscat kufanya kazi ya ghala. Aliacha nyumbani mashine yake ya gemu, na mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma kama anavyofunika redio, akaweka maua ya plastiki juu yake. Kijana alipiga simu kila wiki. Lakini mama alinieleza mwenyewe jinsi simu zile zilivyokuwa. "Nikimuuliza kazi, nzuri. Nikimuuliza afya, nzuri. Nikimuuliza amekula nini, chakula. Dakika mbili tumemaliza, tumebaki tunasikilizana tunavyohema. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, sina la kumwambia wala yeye hana la kuniambia." Siku moja kijana akasema, kwa utani, "Mama, washa ile mashine basi, tuonane humo." Mama hakuchukulia utani. Alitoa maua, akatoa kitambaa, akamwita mpangaji wa chumba cha tatu, dereva wa bodaboda, akamwambia, "Nioneshe."

Mwezi wa kwanza, kwa maelezo yake, askari wake alikuwa anaangalia mbingu tu. Vidole vilikataa. Akitaka kwenda mbele anazunguka, akitaka kupiga anaruka. Kijana wake alikuwa anapigana peke yake huku mama amekwama kwenye ukuta, anauliza, "Uko wapi? Mbona naona bati tu?" Walicheka mpaka wakalia. Ndipo aliponiambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba katika mwezi ule wa kuangalia mbingu alisikia kicheko cha mwanawe mara nyingi kuliko miaka mitatu ya simu.

Kitu kilichomfanya akubali kabisa kilikuwa kofia. Askari wote katika gemu lile wanavaa magamba ya chuma na kofia inayofunika kichwa chote mpaka shingoni. "Nilimtazama askari wangu kwenye kioo cha meli," alisema, "nikaona amejisitiri kuliko mimi. Nikasema haya, twende."

Kiingereza hakukijua na hakutaka kukijua. Alilitafsiri gemu zima kwa namna yake. Ile sayari ya matope aliita Masika. Ile yenye milima na maporomoko aliita Mang'ula. Meli ndogo inayowashusha askari aliita pantoni. Viumbe vidogo vinavyokuja kwa makundi na kuiba vitu aliita ngedere, wanaoruka aliwaita kwelea, na yale makubwa yanayotoka ardhini polepole na kubomoa kila kitu aliyaita viboko. Mtu yeyote aliyewahi kulima mpunga bonde hili angemwelewa. Ukimsikia kutoka uani, "Kiboko anatoka upande wa mto, wewe shika kwelea," ungedhani anaongea na vibarua wa shamba lake.

Na alikuwa hodari. Nataka niseme hivyo bila kuzungusha maneno, kwa sababu watu wakisikia mama wa makamo anacheza gemu hutabasamu kama wanaoneshwa mtoto anayetembea kwa mara ya kwanza. Hakuwa wa kutabasamiwa. Kijana mmoja aliyekuwa bingwa wa banda la gemu la mtaani aliletwa siku moja na yule dereva wetu wa bodaboda, baada ya ubishi. Alikuja na miwani ya jua na chuingamu. Alimwita "bi mkubwa" kwa sauti ya mzaha. Mama alimkaribisha, akampa maji, akamuuliza kama kwao hawajambo, kisha akampa padi ya pili. Kanuni ilikuwa nyepesi: wote wawili wavuke Masika, atakayefika kwenye pantoni hai ndiye aliyeshinda.

Kijana aliingia kwa kukimbia, akipiga kila kinachotikisika. Mama alitembea kama anayekwenda sokoni asubuhi na mapema. Alipiga mara chache sana. Katikati ya bwawa risasi za kijana zikaisha, ngedere wakamzunguka, na tukasikia akisema, "Dah, nimekwisha." Askari wa mama, aliyekuwa amebakiza hatua chache kufika kwenye pantoni, akageuka. Alirudi matopeni, akamsafishia njia, akamtangulia mpaka ndani ya meli.

"Sasa mbona umenirudia?" kijana akauliza, chuingamu imesimama mdomoni. "Ungeshinda."

"Umekuja nyumbani kwangu kama mgeni," mama akasema. "Nikuache kwenye matope?"

Yule kijana alipoondoka alivua miwani akasema shikamoo, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Na ni yeye aliyetangaza habari mtaa mzima, kwa hiyo siri ikaishia hapo.

Kwa mambo mengine alikuwa mtu wa kushangaza. Mjusi akionekana ukutani alipanda juu ya kochi akaniita, "Fundi! Njoo na ufagio, lakini usimuue!" Kuku wa sikukuu alichinjiwa kwa jirani kwa sababu hakuweza kusikia sauti. Paka wasio na mwenyewe walijua saa yake ya chakula cha mchana. Alichukia uongo, na alishawahi kumfukuza mpangaji kwa uongo mmoja mdogo, lakini binti yake mkubwa anayeishi Kiberege akipiga simu siku ya Ijumaa jioni, mama alisimama nyuma ya ukuta wa chuma kwenye sayari fulani, akajibu kwa utulivu, "Niko kazini, mwanangu, nitakupigia." Nilipomtazama alisema, "Si kazi hii?"

Alikataa sifa, na wakati huo huo ulipokosa kumsifu alinuna. Ukimwambia, "Mama, leo umepiga vizuri," alijibu, "Ah, nimepiga tu." Usipomwambia, chai ya siku hiyo ilikuwa haina tangawizi.

Filamu zenyewe hakuzipenda. Mwanawe alimtumia mbili, tukakaa wapangaji wote kuangalia. Nusu saa ya kwanza mama aliinuka akaenda kukunja nguo. "Hao wanaokoa watu kwenye filamu," alisema akiwa chumbani, "mimi nimeshawaokoa mwenyewe. Sasa nikae nitazame nini?"

Kuna swali alilouliza siku moja ambalo mimi na yule dereva tulishindwa kulijibu. Alikuwa amemaliza hatua ngumu, ameweka padi kwenye mkeka, anakunywa maji. "Hawa viboko," alisema, "wamezaliwa hapa. Sisi tumekuja na meli. Sasa mgeni ni nani?"

Dereva akasema, "Mama, ni gemu tu."

"Najua ni gemu. Nimeuliza mgeni ni nani."

Nikamwambia, "Kama ni hivyo, mbona unawapiga?"

"Kwa sababu mwanangu yuko katikati yao," alisema. "Akitoka, na mimi natoka."

Mimi alinifunza kucheza, kwa siku ambazo mwanawe alikuwa zamu. Nilikuwa mwanafunzi mbaya, wa kutetemeka. Kila nikifika kwenye chumba kipya nilisimama mlangoni kuchungulia, na kila mara nilipigwa hapo hapo. Alinipiga kofi dogo begani. "Ukiingia, ingia. Anayesimama mlangoni ndiye wanayemwona wa kwanza." Kazini kwangu nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya mafundi, na kwa mwaka mzima nilikuwa nasimama karibu na mlango wa chumba cha mitambo, nasubiri kuitwa, nikiitwa natumwa chai. Jumatatu moja niliingia, nikaenda moja kwa moja kwenye boksi la swichi lililokuwa linawasumbua, nikalifungua. Msimamizi akauliza, "Nani kakuambia?" Nikamwambia waya wa pili umeungua, anipe koleo. Alinipa. Sikutumwa chai tena. Nilipomsimulia mama jioni alitikisa kichwa tu, lakini chai ya siku ile ilikuwa na tangawizi mpaka ikanikereketa koo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nitake kuandika haya yote.

Mwaka wa tano wa kukaa kwangu, karibu na mavuno, mama alianza kutoka kwenye gemu akiwa kimya. Kawaida akimaliza alikuwa anasimulia vita vyote uani, nani kafa wapi, nani kakimbia. Sasa alikuwa anakunja waya, anaswali magharibi, analala. Ijumaa ya tatu alinishika mkono.

"Fundi, kaa na mimi leo. Tazama anavyotembea."

"Nani?"

"Mwanangu."

Hedifoni ilikuwa imekatika waya wiki ile, kwa hiyo nilikuwa nimeiunganisha sauti itoke kwenye televisheni, na kipaza sauti kidogo nimekibandika ukingoni mwa meza. Nilikaa. Kijana akaingia, akamwamkia mama yake, akaniamkia na mimi, sauti changamfu kama siku zote. Askari wawili wakashuka kwenye pantoni. Mimi niliona askari wawili tu. Mama aliona kitu kingine. "Unaona?" alininong'oneza, kipaza sauti kakifunika kwa mkono. "Huyu siku zote anakimbia mbele yangu. Nimemgombeza miaka mitano asikimbie. Sasa yuko nyuma. Anatembea kama mtu aliyebeba gunia. Na akisimama, anasimama sana. Tazama, ngedere yule pale, hajamwona. Mtu huyu hajalala. Au hajala."

"Labda amechoka na kazi, mama."

"Labda."

Wakaendelea mpaka kwenye bonde ambalo viboko hutoka watatu kwa pamoja. Ardhi ikaanza kutikisika. Kijana akasema, "Mama, shika kushoto, mimi kulia."

Mama akaweka padi kwenye mkeka.

Kwenye televisheni askari wake alisimama wima katikati ya bonde, bunduki ikielekea chini. Kiboko wa kwanza akatoka.

"Mama! Piga!"

"Sipigi," mama akasema. "Kwanza niambie una nini."

"Mama, anakuja huyo! Padi imekatika? Piga!"

"Padi nzima. Umekula nini leo?"

"Nimekula, mama, mbona... Mama, toka hapo!"

Nilimwona askari wa kijana akikimbia kwa mara ya kwanza siku ile, akija kusimama mbele ya mama yake, akipiga kwa pupa. Kiboko wa pili akatoka. Mama alikuwa amekunja mikono kifuani, machozi yanashuka, sauti yake haitetemeki hata kidogo.

"Nitasimama hapa kila Ijumaa mpaka uniambie. Watanikanyaga kila Ijumaa."

Askari wa mama akaanguka. Kioo kikawa chekundu. Muda kidogo baadaye na wa kijana akaanguka, na yakabaki maandishi yanayouliza kama tunataka kuanza upya. Hakuna aliyebonyeza. Kutoka kwenye televisheni tulisikia mtu anahema.

"Kazi iliisha, mama," akasema hatimaye. "Miezi miwili. Walitupunguza."

"Unalala wapi?"

"Kwa jamaa mmoja wa Morogoro, huku huku Muscat. Sakafuni. Mashine hii yake, yangu niliuza. Naosha magari mchana, yakipatikana."

"Na kula?"

Akanyamaza. Mimi niliinama kutazama mkeka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Watu wote hapo Ifakara wanajua niko Uarabuni. Nirudi na begi lile lile nililoondoka nalo? Bora niendelee kuhangaika huku. Nilisema angalau Ijumaa tucheze, usijue."

Mama alifuta uso kwa upindo wa kanga. "Nimejua kwa miguu yako," alisema. "Sasa nisikilize. Mpunga unaiva, sina mtu wa kusimama na vibarua. Rudi na begi hilo hilo, nitalibeba mwenyewe kutoka stendi, mchana, watu wote waone."

Kijana akalia. Mtu mzima, mwenye ndevu, nilizowahi kuziona kwenye picha tu, alilia mbele ya mama yake na mbele ya fundi umeme asiyemfahamu. Mama alimwacha alie. Alipomaliza, akamwambia anawe uso, aende kuswali.

Alirudi kabla mavuno hayajaisha. Nilikuwepo stendi. Basi lilifika saa tisa mchana, penyewe pamejaa watu, na mama alikuwa amevaa kitenge kipya, kile alichokuwa anakataa kukiuza kwa sababu ni kizuri mno. Kijana alishuka na begi moja. Mama alilichukua begani, akakataa kusaidiwa, akapita nalo mbele ya maduka yote ya wafanyabiashara wenzake, akiwasalimia mmoja mmoja kwa jina: "Mwanangu amerudi. Mwanangu huyu, amerudi." Mimi nilitembea nyuma yao, na sijui kama nimewahi kutembea mjini kwetu nikiwa nimeinua kichwa kama siku ile, ingawa mtoto hakuwa wangu wala mama hakuwa wangu.

Leo kijana yule ana pawatila yake, trekta dogo la mkono, analima mashamba yao na ya watu. Ijumaa waliendelea kucheza, safari hii kwenye mkeka mmoja, wakigombania upande wenye feni.

Mwaka wa nane nilipata kazi Mlimba, nikahama. Tulipigiana simu, na mama alikuwa mbaya wa simu kama alivyokuwa siku zote. Kisha zikaja habari kwamba alipata kiharusi. Duka likafungwa, akapelekwa Kiberege kwa binti yake. Nilichelewa kwenda, na hilo najilaumu. Nilikwenda mwaka huu, siku ya kawaida ya wiki, na kilo mbili za ndizi na woga mwingi.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao barazani, amekonda, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichopewa akishike. Mdomo ulikuwa umerudi mahali pake, sauti ilikuwa nzito kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Mlimba wanakulisha."

Binti yake alinikaribisha ndani, akaninong'oneza kwamba mashine ya gemu ameificha kabatini. Mama aliwahi kuijaribu alipotoka hospitali, mkono ukakataa, akakaa siku mbili bila kuongea. "Sitaki aumie tena," alisema. "Mdogo wangu naye hataki." Nilimwelewa. Lakini mama masikio yake hayakuwa na kiharusi.

"Fundi," aliita kutoka barazani, "umekuja na bisibisi?"

"Ninayo, mama. Siachi."

"Basi unganisha."

Binti alinitazama. Mimi nilimtazama mama. Hakuwa anaomba. Alikuwa na ule uso wa dukani, wa mtu aliyeshataja bei yake. Binti akacheka kwa kukata tamaa, akaenda kufungua kabati.

Tulimsaidia kushuka kwenye mkeka, mgongo kwenye kochi. Niliwasha, nikampa padi, akaishika kwa mkono wa kushoto, upande wa kulia wa padi ukabaki unaelea hewani. Nikaogopa kwamba nimekosea, kwamba siku mbili za kimya zinaanza upya, na safari hii nimezileta mimi.

"Kaa huku," alisema, akionesha kwa kidevu upande wake wa kulia. "Karibu zaidi. Nimekuwa mgonjwa, sinuki. Shika hapo."

Nikashika. Bega langu likagusa lake. Padi moja, mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia. Yeye anatembea, mimi naangalia na kupiga.

Mwanzo tulikuwa kichekesho. Yeye anakwenda mbele, mimi nimegeuza macho nyuma. Yeye anarudi, mimi napiga ukuta. Askari wetu alikwenda kama mlevi wa pombe ya mnazi, na ngedere walitula mara nne. Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kipawa cha kuchotea mchuzi mkononi, anajaribu asicheke. Mara ya tano mama akaanza kunisemesha chini chini, "kushoto, taratibu, sasa, sasa," na bila kujua ni lini hasa, nikaacha kumsubiri aseme. Bega lake liliponisukuma kidogo nilijua anakwenda wapi, na macho yalikuwa tayari huko. Tuliingia kwenye kile chumba cha mwisho bila kusimama mlangoni. Nilipiga mara chache sana. Uwanja ukawa kimya, moshi unapanda, na kwenye kioo maandishi yakatangaza kwamba askari mmoja amevuka salama.

Mama alikuwa anahema kama aliyetoka kupanda mlima, na shavuni pake palikuwa na ule mkunjo wake wa kunyimwa sifa.

"Umetembea vizuri, mama," nikasema.

"Ah. Nimetembea tu."

Binti akaleta sinia la wali na samaki, akaliweka mbele yetu, na jagi la maji ya kunawa. Nikaachia padi ili ninawe. Mama aliufuata mkono wangu kwa macho, kutoka kwenye maji mpaka kwenye sinia, kama anavyomtazama mteja anayeondoka na kitambaa ambacho hajakilipia.

"Kula haraka, fundi," akasema. "Huo mkono wangu una kazi."